Adabu ya Kukohoa

Mimi si mtu mpole, na nalisema hili mapema ili usije ukanishangaa mbele ya safari. Nyumbani wananiita Pilipili tangu nikiwa na miaka minne, na sijawahi kufanya juhudi yoyote ya kulifuta hilo jina. Fundi akiniambia njoo kesho, ananisikia hapo hapo. Karani akinipangisha foleni halafu akaenda kunywa chai, naye ananisikia. Lakini yupo mtu mmoja duniani ambaye mbele yake nageuka maji ya mtungi, naye ni baba yangu. Ugumu wa ile wiki ulikuwa hapo tu, si kwingine.

Jumatatu nilipata barua mbili za kazi. Anayeujua urubani anajua kwamba hilo si jambo la kila siku. Nilikuwa nimesota mwaka na nusu, leseni imelala kabatini chini ya mashuka, mimi nafundisha hesabu watoto wa majirani na kuwagombeza. Barua ya kwanza ilitoka kampuni ya mkia wa bluu, ya pili kampuni ya mkia wa njano. Zote mbili zinaruka humu humu kwetu na nchi za jirani, zote zilinitaka nipande kwanza safari moja nyuma ya marubani wao nione wanavyofanya kazi, na zote zilitaka jibu Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Majina yao siyataji, hawajanituma.

Tangu nizisome, dunia ilinilegea. Kuna hali unaipata ukiruka ndani ya wingu jepesi. Jua lipo lakini hujui liko upande gani, mwanga unatoka kila mahali, juu na chini vinafanana, na ndege inakuwa kama imesimama imekusubiri ufikirie. Mwili unakudanganya kwamba umepumzika. Wiki nzima nilitembea hivyo. Nikiosha vyombo nabaki natazama povu linavyopanda na kupasuka, mpaka maji yanapoa. Mama akanituma chumvi, nikaenda hadi dukani, nikasimama, nikarudi mikono mitupu nimetabasamu.

"Huyu ameshapaa," mama alisema. "Hapa tumebakiwa na viatu."

Baba aliruka na bluu miaka thelathini na moja, mpaka umri wa kustaafu ulipomkamata miaka miwili iliyopita. Barua ya bluu aliisoma mara tatu, akaipangusa kwa kiganja kama imeingia vumbi. Ya njano aliishika kwa ncha za vidole.

"Viti kumi na viwili," akasema. "Hizo si ndege, ni pikipiki zenye mabawa. Rubani anapakia mizigo mwenyewe, anatua kwenye majani, anafukuza mbuzi. Sikukusomesha ukafukuze mbuzi."

"Ndiyo, baba."

"Ijumaa nitakupeleka bluu mimi mwenyewe. Nitavaa tai."

Nikasema ndiyo tena. Mama alinitazama akatikisa kichwa, maana siku hiyo hiyo asubuhi nilikuwa nimemfokea mtu wa maji mpaka akaomba radhi kwa bomba lisilokuwa lake.

Sasa lazima nikueleze kuhusu kikohozi cha nyumbani kwetu. Baba hakosolewi. Si kwamba ni mkali, hajawahi kutunyanyulia mkono wala sauti. Ni mkubwa tu, na sisi tulilelewa kwamba mkubwa haambiwi usoni kuwa amekosea. Kwa hiyo baba akikosea, akisema harusi ni Jumamosi ilhali ni Jumapili, akimimina chai pembeni ya kikombe, akivaa fulana nje ndani, mama anakohoa. Ni kikohozi kifupi, kikavu, cha pembeni. Baba anasita, anajikagua, anarekebisha, mazungumzo yanaendelea. Sisi watoto tulijua kukohoa kabla hatujajua kusoma. Mwenyewe hajui lolote. Anaamini nyumba yetu ina vumbi na kwamba ukoo wa mama una vifua dhaifu, kila mwezi analeta chupa ya dawa, na sisi tunashukuru.

Jumanne nilipanda na bluu. Ile ndege ni ya viti sabini, inang'aa, mapangaboi yake meusi marefu kuliko mimi. Nilikaa kiti kidogo cha kukunja nyuma ya marubani wawili. Kapteni alikuwa mwanafunzi wa zamani wa baba, naye sasa wote wanamwita Mwalimu, mtu mwenye mikono safi na sauti ya taratibu. Tulipaa, tukavuka mawingu, na huko juu kukawa kweupe na kutulivu kiasi kwamba nilisahau nimekuja kuchunguza. Mawingu yalikuwa yametandikwa mpaka mwisho wa macho. Nilijiona nimevaa lile shati lenye mistari mabegani, nimeketi mbele, na baba yuko chini anatazama juu. Nilikuwa na furaha, sitadanganya.

Tulipoanza kushuka mwendo ulikuwa umezidi kidogo. Nikaona mkono wa saa ya mwendo umepita pale unapotakiwa. Rubani msaidizi naye aliona, maana alikohoa. Kikohozi kifupi, kikavu, cha pembeni. Nywele zilinisimama. Mwalimu akatupa jicho kwenye saa zake, akapunguza mwendo, kimya.

Mbele kidogo msaidizi akakohoa tena. Mwalimu akatazama mwendo, uko sawa. Akatazama kimo, kiko sawa. Akatazama mafuta, akatazama magurudumu, akagusa swichi hii na ile. Msaidizi akakohoa mara ya tatu, sasa kwa huruma. Mwishowe Mwalimu akagundua kwamba redio ilikuwa bado kwenye masafa ya mnara wa kuongozea ndege wa kule tulikotoka, akabadilisha, na tukatua vizuri kabisa, abiria wakapiga makofi.

Tukiwa tunatembea kuelekea jengo la abiria, Mwalimu alinigeukia akicheka. "Umeona? Sisi huku hatuumbuani. Hii tulianza kwa baba yako. Nani angethubutu kumwambia yule mzee? Lakini ukikohoa tu, anajikuta anaangalia saa zake. Ikawa ndiyo adabu ya kampuni. Vijana wapya tunawafundisha wiki ya kwanza."

"Kwani baba alijua?"

"Thubutu. Alikuwa anatuletea dawa."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilijisikia nimefika nyumbani, watu wangu hawa, lugha yangu hii, hata sihitaji kufundishwa. Ila nilipokuwa kwenye basi kurudi, kicheko kilipokwisha, likabaki jambo dogo linanikwaruza. Kikohozi hakisemi ni saa ipi. Mwalimu alikuwa ametafuta kosa lake karibu dakika nzima, na ardhi ilikuwa inakuja. Nikajiambia acha ukorofi wako, Pilipili, ndege imetua.

Jumatano nzima baba alishughulika na tai. Alizitoa zote nne, akazitandaza kitandani, akaniita nichague. Niliwaza kumwambia bado sijaamua. Nilichagua ya mistari.

Mama alinikuta baadaye naanika nguo. "Utaenda wapi?" akauliza.

"Bluu, nadhani."

"Unadhani au baba yako anadhani?"

"Mama, nawe."

"Mimi sijasema kitu," alisema, akaokota kibanio na kunipa. "Ila nikikuona umekuwa mpole siku tatu mfululizo, naogopa. Mtoto niliyemzaa mimi si mpole."

Shuka lilijaa upepo likaniinukia usoni, jeupe tupu, na kwa muda nilisimama humo ndani bila kutaka kutoka.

Alhamisi nikapanda na njano. Kapteni alikuwa mwanamke wa umri wa mama, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na uwanja mzima unamwita Shangazi. Nilimkuta anasukuma mabegi ndani ya tumbo la ndege huku anamtania abiria mmoja kwamba amebeba mawe. Tukaketi, yeye na msaidizi wake mbele, mimi kiti cha kwanza nyuma yao, hakuna hata pazia. Kabla ya kuwasha injini aligeuka akasema, kama mtu anayetangaza hali ya hewa, "Mimi nakosea mara mbili kwa siku. Leo bado sijakosea hata moja. Kaeni macho."

"Tuko macho, Shangazi," msaidizi akajibu.

Nilidhani ni utani wa kuwafurahisha abiria.

Ile ndege ndogo haipandi juu ya mawingu, inapita katikati yake. Tulikuwa tunaingia kwenye weupe na kutoka, tunaingia na kutoka. Chini mashamba yanaonekana kidogo kisha yanafutika. Injini inanguruma sauti moja tu. Abiria mmoja alikuwa amelala mdomo wazi. Nami nilikuwa karibu kulala, macho yangu yakielea juu ya zile saa bila kuzisoma, pale mnara uliposema kwenye redio tupande mpaka futi elfu tisa. Shangazi akarudia kwa sauti, "Elfu tisa." Na mkono wake ukazungusha kitufe cha kimo, kile ambacho ndege inakifuata yenyewe, mpaka kikaandika elfu kumi.

Niliona. Namba zilikuwa kubwa, za kijani, mbele ya pua yangu. Msaidizi alikuwa ameinama anaandika hali ya hewa ya tunakokwenda.

Nikakohoa.

Shangazi akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanipa chupa ya maji.

Nikaishika. Saa ya kimo ikawa inapanda, elfu nane na mia tano, mia saba, mia tisa. Nikakohoa tena, kwa nguvu, kwa moyo wote, kikohozi ambacho baba angekisikia angeshavua fulana kuikagua.

"Kunywa taratibu," Shangazi alisema.

Neno lilikuwa moja tu. Tisa. Hata mtoto wa chekechea analisema. Mimi, ambaye fundi bomba ananikimbia, nilikaa nimeshika chupa, ulimi umelala mdomoni, nikitazama kisogo cha mtu mzima na kusubiri ajigundue. Sikuwa na hofu hata kidogo. Kulikuwa kweupe, kwa amani, na nilikuwa na adabu.

Msaidizi aliinua kichwa. "Kapteni, tulipewa tisa. Tunaipita."

"Tisa. Nimekosea, nashusha," Shangazi akasema, na pua ya ndege ikainama.

Wingu likafunguka. Juu yetu, upande wa kushoto, ikapita ndege nyingine ikitokea mbele, kubwa, nyeupe, na mstari wa madirisha unang'aa. Ilipita bila sauti, maana injini yetu ilimeza sauti yake, ikateleza ikaingia kwenye weupe ikatoweka. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba ilikuwa nzuri na mimi nilikuwa naitazama.

Tulipotua, Shangazi alisubiri abiria washuke wote. Kisha akaegemea bawa, akavua miwani.

"Uliona kile kitufe?"

"Niliona."

"Ukafanya nini?"

"Nilikohoa."

Hakucheka. Nilitamani acheke. Nikamweleza yote, nyumbani, bluu, adabu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo masikio yalivyoniwaka kwa aibu.

"Lile kosa ni langu," alisema nilipomaliza. "Nitaliandika kwenye ripoti leo hii, kwa jina langu, na kesho kila rubani hapa atalisoma. Lako sina pa kuliandika. Nyuma yetu walikuwa watu tisa, mwanangu, na mmoja wao alikuwa amelala."

"Naelewa."

"Nafasi yako ipo mpaka kesho saa sita. Uje na mdomo, au usije."

Kwa hiyo nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshajua. Kujua ni kazi nyepesi. Kule bluu ningekuwa na amani na shati zuri, na siku moja ningekohoa mtu asisikie. Njano walikuwa wananitaka nifanye kitu ambacho sijawahi kukifanya mbele ya mkubwa yeyote, na wa kwanza kufanyiwa alikuwa ameketi sebuleni anapiga viatu rangi ili kesho anipeleke kwa wenzake. Nilisema, "Shikamoo, baba," nikapitiliza chumbani.

Ijumaa asubuhi tuliingia garini. Baba kwenye usukani na tai yake ya mistari, mimi pembeni yake, mama nyuma, ametaka kushuka kwa fundi cherehani njiani. Sentensi yangu nilikuwa nimeitunga usiku kucha, fupi, ina heshima zote. Kila nilipofungua mdomo baba alikuwa ananionyesha kitu, hapa ndipo nilipopata pancha siku ya mahojiano yangu, pale ndipo nilipomnunulia mama yako mwavuli. Alikuwa na furaha ya mtu anayepeleka posa.

Macho ya baba yalikuwa yamepungua tangu mwaka jana. Sote tulijua. Alikuwa anaendesha kwa mazoea, na mama anaendesha kwa kukohoa kutoka kiti cha nyuma.

Tulikata kona ya posta na jua likatuingia moja kwa moja. Kioo chote cha mbele kikawa cheupe, barabara ikayeyuka, watu wakawa vivuli vinavyoelea. Kwenye kivuko alikuwapo mwanamke amebeba trei tatu za mayai, zimepangwa hadi kidevuni, anavuka polepole kwa sababu ya mzigo. Mimi nilimwona. Mama alimwona, akakohoa.

Baba akatazama kioo cha pembeni. Mama akakohoa tena. Baba akatazama saa ya mwendo, akatazama mkanda wangu, akashika tai yake akainyoosha. Alitazama kila mahali isipokuwa mbele.

"Baba, simama," nikasema.

Sikupiga kelele. Ilikuwa sauti ya kawaida tu, sauti ninayoagizia mkate. Mguu wake ukakanyaga breki, mikanda ikatubana vifua, gari likasimama hatua moja kutoka kwa yule mwanamke. Alitutazama, akayatazama mayai yake, akaendelea kuvuka.

"Sikumwona," baba alisema. Kisha akasema, "Mama yako alikuwa anakohoa."

"Alikuwa anakuonyesha, baba."

"Ananionyesha kwa kukohoa?"

"Ndiyo."

Aligeuka nyuma taratibu. Mama alikuwa anatazama mikono yake.

"Tangu lini?"

"Tangu tuoane," mama akasema.

Honi zilianza nyuma yetu. Baba akanigeukia mimi, na sijawahi kumwona na uso ule, uso wa mtu aliyeamshwa ugenini. "Na kazini?"

Ningeweza kumwambia sijui. Hiyo ndiyo ingekuwa adabu, na ningemwachia miaka yake. "Na kazini," nikasema.

"Miaka thelathini na moja," baba alisema. "Mimi nilidhani sikosei."

Moyo uliniuma kiasi cha kutaka kuyarudisha maneno yote mdomoni. Lakini nilijua nikinyamaza hapo sitasema tena maishani, kwa hiyo nikaendelea. "Baba, bluu siendi. Naenda njano. Na gari hili usiliendeshe tena." Vyote vitatu kwa pumzi moja, na ile sentensi yangu yenye heshima sikuikumbuka hata neno.

Mtu wa nyuma yetu alilaza mkono kwenye honi. Baba hakushtuka. Alikaa ameshika usukani, anatazama ule weupe wa kioo.

Kwenye kazi yetu usukani haupokezwi kimyakimya. Anayeachia anatamka, anayepokea anajibu, ili isitokee hata sekunde moja ambayo kila mtu anadhani mwenzake ndiye anaendesha.

"Ni wako," baba alisema, bado ameshika.

"Ni wangu," nikajibu, na hapo ndipo alipoachia.

Tukashuka, tukapishana mbele ya gari, yeye mkono wake mmoja juu ya boneti akilifuata kama ukuta. Akaketi nilipokuwa nimeketi. Nikamfunga mkanda, maana hakuuona mahali pake, na hakunikataza. Nikawasha taa ya kuonyesha kulia, kuelekea kwa njano. Ilikuwa saa nne na nusu. Baba akainama mbele, akakunja macho, akatazama barabara kwa bidii, kama msaidizi anavyotakiwa.

"Kulia kweupe," akasema. "Nenda."

Nikatazama mwenyewe.

"Hapana, baba, kuna pikipiki," nikasema, nikaisubiri ipite.